Nauli Isiyodaiwa na Mtu

 

Mtu wa pwani aijua nauli tangu utotoni, na aijua kwa sura ya mtu. Akipanda jahazi, nahodha au karani wake humfuata kabla tanga halijatwekwa. Akivuka kwa mashua, mwenye mashua hunyoosha kiganja kabla hawajafika ng'ambo. Na katika magari ya leo ya Mombasa na Dar es Salaam, kondakta huchezesha sarafu mkononi mpaka kila aliyeketi atoe chake. Nauli katika nchi hizi ina mkono wenye kuidai na mdomo wenye kuitaja, na asiyeilipa hujulikana na gari zima, akashushwa njiani kwa aibu. Kwa hiyo watu wengi hawajapata kujiuliza ni kwa nini wanalipa. Hulipa kwa kuwa wameulizwa.

Lakini iko miji ambayo mkono huo haumo, na msafiri afikaye huko hujikuta peke yake na nafsi yake. Mmojawapo ni Berlin, mji mkuu wa Ujerumani. Magari ya chini ya ardhi ya mji ule yalifunguliwa mwaka 1902, na leo yana njia 9 na stesheni 175. Mtu hushuka ngazi kutoka barabarani akafika mahali pa gari bila ya kukuta lango, wala mti wa kuzuia, wala mlinzi. Si kama London au Cairo, ambako lango halifunguki ila kwa tikiti. Pana mashine ya kuuzia tikiti, na karibu yake pana kisanduku chenye tundu. Mwenye tikiti huitia humo ikapigwa muhuri wa siku na saa. Asiyenunua hapiti mbele ya mtu yeyote. Gari huja, milango hufunguka, naye huingia sawasawa na aliyenunua, akaketi ubavuni mwake. Wakaguzi wapo, na mara nyingi huvaa nguo kama za watu wote, huingia pamoja na abiria, na milango ikiisha kufungwa husema, "Tikiti, tafadhali." Asiyekuwa nayo hutozwa euro 60. Lakini mtu aweza kukaa wiki nyingi asiwaone.

Watu wa pwani si wageni kabisa wa mji huu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye jina lake lajulikana kwa kitabu cha desturi za Waswahili, alikuwa akisomesha Kiswahili huko tangu 1900, basi alikuwapo magari haya yalipoanza kwenda. Na huko ndiko alikofia mwaka 1927. Leo waendao ni wengi kuliko zama zake: wanafunzi, wafanyaji biashara, wagonjwa, na wazee waendao kuwatazama watoto wao.

Basi suala ni hili. Ikiwa mwenye kitu hakuweka lango, wala hakuweka mlinzi, wala hakuuliza, je, aliyekitumia ana deni? Na kama analo, litakuwaje deni ilhali hakuna mtu wa pili aliyelijua?

Na uwekwe mfano wa mzee mmoja wa Lamu, muuza nguo, mwenye kushika jamaa, aliyekwenda Berlin kumtazama mwanawe. Kijana alikwenda kusoma, akamaliza, akapata kazi, na sasa akaa upande wa kaskazini ya mji, karibu na stesheni ya Gesundbrunnen. Siku ya Ijumaa walitoka kwenda kuswali katika msikiti wa Şehitlik, ulio kwenye barabara ya Columbiadamm, kwa kuwa mzee alisikia kwamba kando yake pana makaburi ya Waislamu tangu 1866, akapenda kuyazuru. Gari lao lilikuwa la njia ya 8 mpaka Boddinstraße, kisha waende kwa miguu.

Walipofika chini, mzee alitazama huku na huku akauliza, "Mwanangu, tutamlipa nani?"

Kijana ana kadi yake ya mwezi. Akamjibu, "Baba, ingia tu. Hapa hawaulizi. Mwaka wangu wa kwanza, nilipokuwa nikijifunza lugha kabla ya kuingia chuo, sikununua hata moja, na nilishikwa mara moja tu."

Mzee hakuingia. Gari likaja, likafungua milango, likafunga, likaenda zake, nao wamesimama.

Maneno hayo mawili, "hapa hawaulizi", ndiyo yanayostahiki kupimwa, kwani si ya kijana huyu peke yake. Mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafi'i wametofautisha baina ya watu wawili. Wa kwanza ni aliyempa mfuaji nguo afue, na ujira haukutajwa. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kuwa mfuaji hana ujira, kwa kuwa yeye mwenyewe ameitoa kazi yake wala hakuitia bei. (Wafuaji wakiisikia hukumu hii hawaipendi, na wako maulamaa walioitazama desturi ya watu wakampa haki yake.) Wa pili ni aliyeingia hamamu, au aliyepanda chombo, bila ya idhini ya mwenyewe. Huyu ujira wamlazimu, ijapokuwa halikusemwa neno lolote baina yao. Tofauti waliyoitaja ni moja: mfuaji ameipeleka kazi yake kwa mwenye nguo kwa hiari yake, na mpanda chombo ameichukua manfaa yeye mwenyewe, mwenye chombo hakumpelekea. Walioandika haya hawakupata kuona gari la stimu, lakini anayepanda gari la Berlin bila ya tikiti ndiye yule yule mpanda chombo, hata bahari ikawa ni pango la chini ya ardhi.

Na hapa jambo lina uzito zaidi, kwani bei imetajwa. Imo katika mashine, kwa lugha kadha wa kadha, na mwaka 2024 tikiti moja ya mjini ilikuwa euro 3.50. Wala asiseme mtu kuwa mashine haikutamka ijabu wala kabuli. Imamu Nawawi amekhitari kuwa kupeana kwa mkono bila ya tamko kwatosha, pale watu walipozoea kukuhesabu kuwa ni biashara; na bila ya hivyo maduka mengi ya leo yangekuwa katika tabu kubwa.

Kijana akasema, "Baba, gari hili lingekwenda hata mimi nisingekuwamo. Viti ni vitupu. Nimempunguzia nani?"

Hili ndilo linalozituliza nyoyo za wengi, na si neno la kijinga. Katika madhehebu ya Imamu Abu Hanifa manfaa peke yake haikuhesabiwa kuwa ni mali katika mlango wa ghasbu, isipokuwa katika mambo maalumu, kama vile mali ya wakfu na mali ya yatima. Ama kwa Imamu Shafi'i, manfaa ni mali. Mwenye kuingia nyumba ya mtu bila ya ruhusa akakaa mwaka, adaiwa kodi ya mwaka, ijapokuwa mwenyewe hakuwa na nia ya kuipangisha, na ijapokuwa alipotoka aliiacha safi kuliko alivyoikuta. Hakuvunja ukuta wala hakung'oa mlango. Alichokula ni ule mwaka. Na kiti kitupu ni nyumba ndogo, ambayo hukaliwa kwa muda wa robo saa.

Kisha amtazame yule aliyeketi mbele yake, mwanamke labda, mwenye kikapu cha mboga, ambaye amenunua tikiti yake. Kiti cha mwanamke huyo nacho kingekwenda hata asingekuwamo. Kama hoja ya kijana ni sahihi, basi ni sahihi kwa abiria wote, na gari halina nauli, na halina mwenye kulipa mshahara wa mwendeshaji. Haiwezi kuwa sahihi kwa mtu mmoja ila kwa sharti kwamba wengine wasiifuate. Gari lile lakwenda kwa fedha za mwanamke mwenye kikapu. Yeye ndiye anayembeba kijana wa Lamu kwenda kuswali Ijumaa, wala hajui.

Yako maneno mengine, ambayo kijana hakuthubutu kuyasema mbele ya baba yake, lakini mabarazani husemwa bila ya kificho. Watu hawa si Waislamu, nao walikuja pwani kwa mizinga. Abushiri bin Salim walimnyonga Pangani mwezi wa Desemba 1889. Katika vita vya Maji Maji, 1905 mpaka 1907, walichoma mashamba na maghala ya chakula mpaka watu wakafa kwa njaa kwa maelfu mengi. Safari ya bure katika gari lao ni kitu gani mbele ya hayo? Na aliyesoma kidogo huongeza mas'ala ya dhafar, yaani mtu aliyenyimwa haki yake kuipata mali ya mdaiwa wake akajilipa mwenyewe bila ya kadhi, jambo ambalo Imamu Shafi'i amelijuzisha.

Uchungu huu si wa kudharauliwa, na dhuluma ile haikufutika kwa kupita miaka. Lakini mwenye kuifanya kuwa tikiti yake ameishusha. Dhafar ni ya mwenye deni linalojulikana, juu ya mtu anayejulikana, aliyekana au aliyezuia, na mwenye haki achukue kadiri ya haki yake asizidishe. Ni nani aliyekadiri damu ya Maji Maji kuwa ni euro tatu na nusu? Na huyu anayejilipa kwa siri, mbona hajapeleka hata senti moja Songea, kwa wajukuu wa waliokufa kwa njaa? Amejilipa yeye, wala si yeye aliyedhulumiwa.

Na juu ya hayo liko jambo la amani. Msafiri huyu hakuvamia mji. Aliomba viza, akapewa, akaingia mlangoni. Viza ni amani baina ya pande mbili: wao wamemuaminisha nafsi yake na mali yake, nao mali yao iko katika amani yake. Imamu Shafi'i katika Kitabu al-Umm ameharimisha mali yao juu ya Mwislamu aliyeingia kwa amani, iwe chache au nyingi. Na hukumu hiyo aliitoa juu ya watu walio vitani na Waislamu. Seuze mji ambao Waislamu wanaadhini ndani yake, na mayatima wao wanasomeshwa, na wafu wao wana ardhi ya kulala tangu 1866.

Wako pia wenye kupiga hesabu. Kwa bei ya 2024, euro 60 ilikuwa nauli ya safari 17 na kitu. Aliyeshikwa mara moja katika safari 20, kwa bei hiyo alipata faida ya euro 10. Mtu huyu hajioni kuwa mwizi, ajiona mfanyaji biashara, lakini biashara yake ni ya kubahatisha, na mali anayoiwekea dau si yake. Faini haikuwekwa iwe bei ya pili, achague apendayo. Iliwekwa kwa aliyekiuka ile ya kwanza.

Na hapa yafaa litajwe jambo lisilowapa sifa wenye mji. Sheria yao ya jinai, kwa kifungu cha 265a kilichoingizwa mwaka 1935, yaweza kumtia mpanda bure gerezani hata mwaka mmoja. Na waingiao gerezani kwa sababu hii, aghlabu ni mafakiri walioshindwa kulipa faini, wala si wale wa hesabu. Tangu 2021 wako watu huko wanaokusanya fedha kuwalipia wafungwa hao watoke, na kumkomboa mtu kwa jambo kama hili ni wema usio na shaka. Ukali ule mtu aweza kuuchukia kwa moyo wake wote. Lakini ukali wa adhabu hauligeuzi deni likawa si deni. Na msafiri aliyekuja kwa ndege, mwenye kitanda cha kulalia na jamaa wa kumpokea, asivae nguo za fakiri yule.

Mzee alinunua tikiti, akaitia katika kisanduku, ikapigwa muhuri, wakapanda gari la pili. Wakaswali, wakazuru makaburi, wakakaa kidogo na watu wa msikiti. Waliporudi stesheni kijana aliitazama saa akafurahi. Tikiti ile ni ya dakika 120, na zilikuwa zimebaki dakika kumi. "Baba," akasema, "hii bado ina uhai. Usinunue nyingine."

"Nisomee yaliyoandikwa juu yake."

Kijana akayatafuta masharti ukutani. Yalisema kuwa muda ni dakika 120, na kwamba safari ni ya kwenda upande mmoja; kurudi ulikotoka hakumo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini wao hutazama saa tu."

Mahali hapa ndipo panapohitaji kusimama, kuliko pale pa mwanzo. Anayepanda bila ya tikiti yoyote, hata akijitetea, moyo wake wajua. Lakini aliyelipa asubuhi, ana karatasi mfukoni, na saa haijakwisha, huyu ajiona muaminifu; na uaminifu wake ndio unaomzuia kusoma mstari wa pili. Kuna watu ambao hawapunji kwa mikono mitupu kamwe. Hupunja wakiwa na risiti.

Hukumu yake haikufichika kwa mafakihi. Aliyekodi mnyama mpaka mahali maalumu, kisha akampitisha pale, adaiwa ujira walioagana, na juu yake ujira wa mithili kwa ile njia aliyozidisha, na mnyama akipatwa na jambo huko dhamana ni yake. Anayekodi punda kutoka mji wa Lamu mpaka Shela, akaambiwa afike kabla ya adhuhuri, hawezi kumpanda tena kurudi kwa hoja ya kuwa adhuhuri bado. Adhuhuri ilikuwa mpaka wa ile safari, haikuwa safari nyingine. Watoto wa Lamu wanalijua hili bila ya kusomeshwa, kwani mwenye punda yuko Lamu na ana fimbo.

Mzee akanunua tikiti ya pili.

Usiku ule akauliza juu ya siku aliyofika. Uwanja wa ndege wa Berlin, uliofunguliwa mwaka 2020, uko nje ya mji, katika eneo la tatu la nauli ambalo wao huliita C. Na tikiti aliyonunuliwa siku ile na mwanawe, kwa haraka na furaha ya kuonana, ilikuwa ya maeneo mawili ya ndani tu. Kijana akasema, "Hukujua, baba." Ni kweli, na asiyejua, ikiwa hakupuuza kujifunza, dhambi humwondokea. Lakini ujinga huondoa dhambi, hauondoi dhamana: anayekula chakula cha jirani akidhani ni chake hana makosa, na chakula atakilipa. Na kanuni yao ni kuwa mtu asiingie katika muamala mpaka ajue hukumu yake, nayo yamgusa zaidi mgeni, ambaye kila kitu kwake ni kipya. Saa moja ya kuuliza siku ya kwanza yatosha. Tikiti isiyopigwa muhuri, kwa mfano, kwao ni kama hakuna tikiti, ijapokuwa fedha yake imelipwa. Na kadi ya mwezi iliyoandikwa jina la mtu, kama ile ya nchi nzima iliyoanza Mei 2023, haiazimwi kwa mgeni, kwani mwenye kadi amepewa kupanda yeye, hakupewa kupandisha.

Na mtoto wa chini ya miaka 6 hupanda bure. Wageni wengine hufuatana na mtoto wa miaka saba, wakamfundisha aseme ana mitano. Miaka saba ndiyo umri ambao baba ameamrishwa kumwamrisha mtoto swala. Basi mtoto huyu, katika mwaka mmoja, kwa mdomo wa baba yule yule, ataamrishwa mambo mawili.

Kijana alikuwa kimya muda mrefu, kisha akauliza lile lililokuwa likimsumbua tangu asubuhi: "Na swala zangu za mwaka ule? Kila Ijumaa nilikwenda kwa gari ambalo sikulilipia."

Jawabu la madhehebu lampasa kumtuliza kwa upande mmoja. Swala zake ni sahihi. Hata aliyeswali katika ardhi aliyoighusubu, kwa Mashafi'i swala yake yasihi, ijapokuwa ana dhambi kwa kuwa pale. Na huyu hakuswali ndani ya gari. Maasi yaliyotokea njiani si sawa na safari iliyokusudiwa maasi. Lakini upande wa pili haumtulizi. Kilichobaki juu yake ni haki ya waja, na hiyo haiondoki kwa swala wala kwa istighfari mpaka irudi kwa mwenyewe.

"Nitatoa sadaka kadiri yake," akasema. "Pale msikitini kuna wahitaji."

Wengi husema hivi, na nia yao ni njema, lakini wamekosa njia. Sadaka kwa niaba ya mwenye haki ni ya pale mwenyewe asipojulikana, au alipokatiwa tamaa ya kumpata wala hakuachwa mrithi. Mwenye magari haya hajapotea. Ana mashine katika kila stesheni, zinapokea fedha usiku na mchana. Mtu akinunua tikiti na asiipande, deni limemfikia mwenyewe bila ya kuandika barua, bila ya kujifedhehesha, na bila ya kumtafuta karani. Wala huko si kuitupa mali, kwani fedha imefika kwa aliye nayo haki; kilichotupwa ni karatasi.

Ama kiasi, atakadiria. Siku aliyoshikwa akalipa faini, hiyo ataitoa, kwani alichotozwa kimeingia badala ya nauli yake. Zilizobaki atazihesabu kwa siku za masomo na Ijumaa, na achukue hesabu ambayo moyo wake watulia kuwa haipunguki. Aweza pia kuuliza kama hesabu iwe ya tikiti moja moja au ya tikiti ya mwezi, kwa kuwa mtu wa mithili yake, apandaye kila siku, hununua ya mwezi na humpungukia bei. Na hoja hiyo ina nguvu, ijapokuwa mwenye kutaka kujitoa katika shaka ataiacha. Ufakiri wake wa wakati ule ulimpa muhula tu. Sasa ana mshahara.

Mzee alikaa siku chache nyingine. Asubuhi ya kuondoka walishuka pamoja Gesundbrunnen na sanduku lake. Alinunua tikiti ya kufika uwanja wa ndege, ya maeneo yote matatu, akaitia muhuri. Kisha akamwomba mwanawe amtafutie katika mashine ile tikiti ndogo ya kuongeza eneo, inunuliwayo na mwenye kupita mpaka. Akainunua, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya kofia yake bila ya muhuri.

"Hiyo ni ya siku ile?" kijana akauliza.

"Ya siku ile."

Kijana hakusema neno. Akarudi kwenye mashine, akanunua moja, akaitia mfukoni, akanunua nyingine. Baba yake akasimama kando na sanduku, akimngojea. Alipofika ya tisa, nyuma yake watu walikuwa wamepanga safu, na mmoja wao alikuwa akitazama saa; kijana akaomba radhi, akawapisha, kisha akaenda akasimama mwisho wa safu.